Neno "Ndugu" katika Taurati

Vijana wetu waliohamia Kitengela na Kajiado hawakosi kuulizwa na jirani zao Wakristo: Nabii mfano wa Musa, atakayetoka kwa ndugu za Waisraeli (Kumbukumbu la Torati 18:18), ni nani? Sisi twasema ni Mtume Muhammad (s.a.w.). Wao husema ni Nabii Isa, na tegemeo lao ni Matendo 3:22. Tena hutuonyesha 17:15, ambapo "ndugu" ni kinyume cha mgeni. Hoja hii si nyepesi. Aidharauye ataaibika mbele za watu. Lakini Mwanzo 25:18 yataja ndugu za Ismaili, na Kumbukumbu 23:7 yamwita Mwedomi ndugu. Atakaye neno hilo liishie kwa Israeli, kwanza atueleze Mwedomi ameingiaje.