Siku moja katika jangwa la Namib

Jangwa la Namib liko katika inchi ya Namibia, kando ya bahari kubwa. Huko mvua ni haba sana.

Asubuhi na mapema baba mmoja alipeleka watoto wake wawili kutembea katika vilima vya mchanga. Ukungu ulitoka baharini ukafunika yote. Juu ya kilima mtoto mdogo aliona mdudu mweusi, kichwa chini, mgongo juu.

— Baba, mdudu huyu amekufa?

— Hapana, mwanangu, anakunywa. Ukungu unageuka matone mgongoni mwake, nayo yanateremka mpaka kinywani.

Jua lilipanda, ukungu ukaisha. Mtoto mkubwa alitaka kukimbia chini. Baba akamshika mkono:

— Simama! Tazama mchanga.

Macho mawili madogo yaliwatazama. Alikuwa nyoka mwenye sumu. Amejifukia mchangani, akingoja mjusi apite. Macho yake yako juu ya kichwa, basi anaona bila kuonekana. Walimzunguka kwa mbali, wakamwacha.

Njiani baba akasema: «Jangwa si tupu. Tazama kwanza, kisha weka mguu.»

Maulizo
1. Mdudu anapata maji namna gani?
2. Kwa nini baba alimshika mtoto mkono?