Siri ya Mwenye Kuandika Barua

Barua ni amana ya watu wawili, aliyeandika na aliyeandikiwa. Na watu wengi humkumbuka wa pili wakamsahau wa kwanza.

Mtu wa Tanga amwandikia nduguye aliye Maisaka, katika mji wa Babati, kumuomba muda wa deni. Barua nyingi za Tanzania haziendi mlangoni kwa mtu; huwekwa katika sanduku la posta, na sanduku moja huwa la msikiti, au la skuli, au la duka, likatumiwa na wengi. Mwenye ufunguo huitoa, husoma mgongoni jina la mpelekaji, huiweka mezani. Kabla nduguye hajaiona, watu wa pwani walioko huko wamekwisha kujua nani ameandika, na wepesi wa ulimi wamekwisha kukisia sababu. Hapana aliyeibandua gundi, na siri imetoka.

Basi si lazima jina liwe juu ya bahasha. Yatosha nambari ya sanduku la mpelekaji, jina likawa ndani. Wala asiiache bahasha tupu kabisa: barua isiyompata mwenyewe, tena isiyo na pa kurejea, ni ada ya posta kuifungua ili ijulikane ilikotoka; na aliyekimbia jicho moja huangukia mengi. Barua ya rejista ina hukumu yake, kwani yataka jina la mpelekaji naye apewe stakabadhi. Na mhuri wa posta nao husema, huonyesha mji na tarehe.

Sura An-Naml yaeleza barua ya Nabii Suleiman, ambayo malkia wa Sabaa aliiita tukufu. Wako wafasiri waliosema utukufu wake ni kupigwa muhuri. Ama Hadithi ya kukataza kutazama barua ya mtu pasi na idhini, Abu Dawud aliyeipokea ametaja mwenyewe udhaifu wa njia zake. Lakini makatazo ya kupeleleza yamo katika Sura Al-Hujurat, aya ya 12, nayo yatosha. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 pia, ibara ya 16, yahifadhi faragha ya mawasiliano ya mtu.

Haya si ya mwenye kuficha jina ili amsingizie mwenziwe. Huyo hana heshima ya siri.

Na mwenye ufunguo, akiitoa barua, ailaze jina la mpelekaji likielekea chini, amkabidhi mwenyewe mkononi. Asiulize imetoka kwa nani, wala asimpe mtoto wa chuoni akaitangaza njiani.