Risiti za chama ni ngapi? Zihesabu kwa amri moja ya kompyuta

Desemba ikifika, vyama vingi hufunga hesabu na kugawana pesa. Mweka hazina anafungua laptopu, anafungua folda ya risiti, na hapo ndipo maswali huanza. Je, risiti zote ziko? Kuna aliyetuma mara mbili? Kuna ambaye hajatuma kabisa? Kuhesabu kwa kidole kwenye skrini unaweza, lakini ukifika mia na kitu mtu anakupigia simu, unaanza upya.

Leo tunakuonyesha jinsi ya kuhesabu faili zilizo kwenye folda kwa kutumia mstari wa amri, ile skrini nyeusi ambayo wengi huidhania ni ya wataalamu pekee. Kama una risiti kumi tu, usijisumbue, zihesabu kwa macho. Lakini kama una za mwaka mzima, au wewe ni mfanyabiashara mwenye till na unatunza rekodi kwa miaka 5 kama inavyotaka Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015, dakika hizi chache zitakufaa.

Tuchukue mfano. Chama kina wanachama 24, kila mmoja anachanga mara moja kwa mwezi. Kwa mwaka mzima tunatarajia risiti 288. Mweka hazina amezihifadhi kama PDF kwenye folda inayoitwa Michango, na kila moja ameipa jina la mwezi na namba ya mwanachama: 2025-08-M17.pdf ni risiti ya Agosti ya mwanachama namba 17. (Kama zako zina majina ya ovyo ovyo, anza kuzipa majina ya aina hii mwaka ujao. Utaona faida yake huko mbele.)

Kwanza, fungua skrini yenyewe ukiwa ndani ya folda hiyo. Kwa Windows, fungua folda kama kawaida, bofya ule upau wa juu unaoonyesha mahali folda ilipo, futa kilichoandikwa, andika cmd kisha bonyeza Enter. Kwa Mac, fungua programu ya Terminal, andika cd na nafasi moja, buruta folda yako uiachilie ndani ya dirisha hilo, kisha Enter. Watu wa Windows, msipite njia nyingine: ukifungua PowerShell badala ya cmd, baadhi ya amri za hapa chini zitakataa.

Sasa hesabu. Kwa Windows andika:

dir /b | find /c /v ""

Kwa Mac au Linux:

ls | wc -l

Bonyeza Enter na utapata namba moja tu. Kwa mfano wetu, namba ni 291.

Kabla hatujauliza hizo tatu za ziada zimetoka wapi, tuelewe tulichoandika. Amri ya kwanza, dir au ls, huorodhesha majina ya vilivyomo, jina moja kwa kila mstari. Ule mstari wima unaitwa bomba, na kazi yake ni kupeleka matokeo ya amri ya kushoto hadi kwa amri ya kulia. Ya kulia huhesabu mistari. Kwa hivyo kompyuta haihesabu risiti, inahesabu mistari ya majina, na mstari ukiwa jina la kitu kingine, nao unahesabiwa. Ile find /c /v "" ya Windows inaonekana ya ajabu lakini maana yake ni "hesabu kila mstari". Na herufi wc usizichekee, hazina uhusiano na choo. Ni kifupi cha hesabu ya maneno kwa Kiingereza, na amri hiyo ilikuwa kwenye mfumo wa Unix tangu 1971. Bomba lilikuja 1973. Ni vitu vya zamani kuliko wengi wetu hapa ofisini, na bado vinafanya kazi.

Turudi kwa 291. Ndani ya folda ya Michango kuna faili moja ya Excel ya orodha ya wanachama, na kuna folda mbili ndogo, moja inaitwa Picha na nyingine Januari. Hizo ndizo tatu za ziada. Tuiambie kompyuta ihesabu PDF pekee.

Windows:

dir /b /a-d *.pdf | find /c /v ""

Mac au Linux:

ls *.pdf | wc -l

Alama ya nyota inamaanisha "jina lolote", na /a-d inaambia Windows iache folda nje. Kwa Mac na Linux angalia kama una faili zinazoishia kwa herufi kubwa, .PDF, kwa sababu amri hii itaziruka. Windows haijali.

Jibu: 288. Barabara! Wengi wangefunga laptopu hapo waende kuandika ripoti ya mkutano.

Sisi tunasema subiri kidogo. Namba inaweza kuwa sawa na risiti zisiwe sawa. Ukihifadhi faili kwenye folda ambayo tayari ina faili ya jina lile lile, ukachagua kuweka zote mbili, Windows huongeza namba kwenye mabano. Vivinjari vingi hufanya hivyo pia unapopakua kitu mara ya pili. Hebu tutafute majina yenye mabano.

Windows:

dir /b "*(*.pdf"

Mac au Linux:

ls *"("*.pdf

Hapa hatukuweka sehemu ya kuhesabu kwa sababu tunataka kuona majina yenyewe. Zinatokea tatu, mojawapo 2025-03-M05 (2).pdf. Zifungue, linganisha namba za muamala na zile za faili asili. Zikifanana, ni risiti moja iliyohifadhiwa mara mbili. Kwa hivyo risiti halisi kwenye folda ni 285, si 288.

Tatu zimepotelea wapi? Tukumbuke zile folda ndogo. Amri zetu hazikuingia ndani yake. Hizi huingia:

Windows:

dir /b /s /a-d *.pdf | find /c /v ""

Mac au Linux:

find . -type f -name "*.pdf" | wc -l

(Ndiyo, neno find liko pande zote mbili na kazi zake ni tofauti kabisa. La Windows hutafuta maneno ndani ya mistari, la Mac hutafuta faili. Usizichanganye.)

Jibu ni 290. Kwa hivyo kuna PDF mbili kwenye folda ndogo, na kweli ziko ndani ya Januari, ziliburutwa huko kimakosa. Zitoe uzirudishe kwa wenzake, ufute zile nakala tatu, na sasa unabaki na risiti 287. Inakosekana moja, na hiyo ndiyo iliyokuwa imejificha nyuma ya 288 iliyotufurahisha.

Kwa kufuta, tumia kipanya chako kama kawaida ili faili iende kwenye pipa la taka kwanza. Usitumie del wala rm, kwa sababu hizo hufuta moja kwa moja bila kupitia pipa. Amri zote tulizokuonyesha hapa husoma na kuhesabu tu, haziwezi kuharibu kitu.

Na hili tulitaje kwa sauti kubwa kidogo. Tangu 2024 kumeenea ulaghai ambapo ukurasa wa mtandao unakuambia "thibitisha wewe si roboti" kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Ukifanya hivyo umebandika amri ya mlaghai kwenye kompyuta yako na kuiendesha wewe mwenyewe. Inaweza kuleta programu ya kuiba nywila. Hakuna mfanyakazi wetu atakayekupigia simu au kukutumia ujumbe akuombe ubandike amri kwenye kompyuta, kama vile hakuna atakayekuuliza PIN yako. Amri usiyoelewa kila kipande chake, hata kama umeipata kwa grupu la WhatsApp la watu unaowaamini, usiiendeshe. Ndiyo maana hapa tumekueleza vipande vyenyewe, na tunakuomba uziandike kwa mkono badala ya kunakili. Na kama unatumia kompyuta ya saiba, ukimaliza futa risiti ulizopakua na utoe kila akaunti uliyofungua.

Sasa ile moja iliyokosekana. Hapa ndipo majina yenye mwezi hulipa. Hesabu mwezi mmoja mmoja.

Windows:

dir /b 2025-08*.pdf | find /c /v ""

Mac au Linux:

ls 2025-08*.pdf | wc -l

Badilisha 08 iwe 01, 02 na kuendelea. (Ukibonyeza mshale wa juu kwenye kibodi, amri uliyoandika mwisho inarudi, unabadilisha namba tu.) Kila mwezi unatoa 24, isipokuwa Agosti ambayo inatoa 23. Endesha amri ile ile bila sehemu ya baada ya bomba, majina yajitokeze: baada ya M16 inakuja M18. Aliyekosekana ni namba 17.

Usimwambie mtu kwenye mkutano kwamba hajalipa kwa sababu ya hesabu ya faili. Faili si pesa. Pakua taarifa ya miamala ya akaunti ya chama kwa Julai, Agosti na Septemba, utafute jina lake. Huenda alilipa na hakutuma risiti. Huenda alilipa Julai pesa ya miezi miwili kwa mpigo, na risiti moja inabeba michango miwili. Hapo kiasi kitakuambia. Kinyume chake pia hutokea: risiti ipo kwenye folda, lakini muamala ulirudishwa siku hiyo hiyo, au ile PDF ilihaririwa. Kwa hivyo hata wale 23 waliotimia, pitisha namba zao za muamala kwenye taarifa kabla ya kuandika jumla. Taarifa yetu huonyesha muamala uliorudishwa kwenye mstari wake wenyewe, kwa hivyo angalia pia mistari ya pesa zilizotoka, si zilizoingia tu.

Ukishajua hali yake, mpigie namba 17 kabla ya siku ya mkutano. Akikutumia risiti, ihifadhi kwa jina 2025-08-M17.pdf, bonyeza mshale wa juu, Enter, na Agosti isome 24.