Kabla ya Kununua Nyoka wa Kwanza: Ulizia Kwanza Alikozaliwa

Somo la usalama wa jamii kutoka Ofisi ya Mahusiano ya Umma

Somo letu la safari hii huenda likakushangaza. Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumzia wizi wa pikipiki, ugomvi wa mipaka ya mashamba na usalama wa watoto waendapo shuleni. Leo twamzungumzia mwananchi anayetaka kufuga nyoka nyumbani kwa mara ya kwanza, na swali moja tu: amnunue wapi?

Malengo ya somo

Baada ya kulisoma somo hili, msomaji aweze:
1. kueleza sheria inasema nini juu ya kumiliki nyoka hapa Uganda;
2. kutofautisha wauzaji wa aina mbalimbali na hatari za kila mmoja;
3. kuuliza maswali yafaayo kabla ya kutoa fedha yake;
4. kuwalinda jirani zake na nyoka mwenyewe baada ya ununuzi.

Kisa kilichotufunza

Asubuhi moja kijana wa miaka ishirini na ushei alifika mezani kwangu. Alisimama wima, akavua kofia, akasema: "Afande, nataka kununua nyoka. Nikamnunue wapi bila kuvunja sheria?"

Nilimjibu haraka, kama wengi wetu tungalijibu: "Kijana wangu, nyoka hafugwi."

Akainamisha kichwa kidogo. "Samahani, Afande. Hayo ni maneno ya sheria au ni maneno yako?"

Nilinyamaza. Kwa hakika yalikuwa maneno yangu. Nilikuwa nimemjibu kwa hofu niliyorithi utotoni, si kwa kifungu chochote nilichokisoma. Kijana yule alikuwa amefanya jambo ambalo kila siku twawahimiza wananchi walifanye: kuuliza kabla ya kutenda. Nami nilikuwa karibu kumfukuza.

Nikamwomba aketi anieleze. Alipenda nyoka tangu safari ya shule ya kwenda Entebbe. Juma hilo, mtu mmoja kwenye stendi ya teksi alimwonyesha gunia akamwambia ndani mna chatu mchanga, bei yake shilingi 80,000, na bei hiyo ilikuwa ya siku hiyo tu. Kijana alipiga picha kwa simu, akaomba apewe muda wa kufikiri.

Tulikwenda pamoja kwa afisa wa wanyamapori. Yule afisa aliitazama picha kwa muda, akaikuza kwa vidole viwili, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Huyu si chatu. Huyu ni kifutu."

Kifutu, ambaye wengine humwita bafe, ni miongoni mwa nyoka wanaouma watu wengi barani Afrika. Hakimbii mtu anapomkaribia. Hulala kimya akitegemea rangi yake imfiche, na sumu yake huozesha nyama ya mwili. Afisa alitufundisha tofauti palepale. Kifutu ana mwili mnene na mfupi, kichwa kipana kilichojitenga na shingo, magamba makavu yasiyong'aa, na alama kama herufi V zilizopangana mgongoni. Chatu ana magamba laini yang'aayo, na kwenye mdomo wa juu ana vishimo vidogo vya kuhisi joto la mawindo yake.

Tulifika stendi jioni ile. Mwuzaji hakuwepo, wala gunia. Hadi leo sijui gunia lile liliishia katika nyumba ya nani, na hiyo ndiyo sababu ya kuliandika somo hili.

Nyoka wa porini ni wa nani?

Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 inaeleza kwamba umiliki wa kila mnyama wa porini aliye katika makazi yake ya asili uko mikononi mwa Serikali, kwa niaba na kwa manufaa ya wananchi. Maana yake ni kwamba chatu aliye kwenye kinamasi nyuma ya shamba lako si mali yako, wala si mali ya aliyemtangulia jirani yake kumkamata. Ni amana ya wote.

Hata hivyo, sheria haikufunga mlango kabisa. Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, iliyoundwa mwaka 1996, hutoa haki za matumizi ya wanyamapori kwa madaraja mbalimbali, yakiwemo ufugaji, biashara, na elimu na utafiti. Hapa pana jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui: haki ya kufuga na haki ya kufanya biashara ni haki mbili tofauti. Mtu aweza kukuonyesha karatasi halali ya kufuga, lakini karatasi hiyo isimruhusu kukuuzia. Nawe, mnunuzi, usijifiche nyuma ya karatasi ya mwenzako; uliza ofisini ni kibali gani kinachokuhusu wewe mwenyewe, ukipate kabla nyoka hajavuka kizingiti chako.

Anayemkamata, kumweka, kumuuza au kumnunua mnyama wa porini bila idhini ametenda kosa. Kwa viumbe vilivyo hatarini kutoweka, adhabu yaweza kufikia kifungo cha maisha. Hali kadhalika, chatu wa jamii zote wamo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, ulioanza kutumika mwaka 1975. Hivyo, kumvusha chatu mpakani bila hati, hata akiwa ndani ya mfuko wa shule, ni kosa jingine juu ya kosa.

Milango minne ya muuzaji

Mlango wa kwanza ni gunia la barabarani. Huu ndio mlango wa bei nafuu na wa hasara kubwa. Nyoka wa gunia ametolewa porini. Mara nyingi ana minyoo tumboni na kupe au utitiri chini ya magamba, amejeruhiwa kwa kamba au fimbo, na kwa hofu aweza kukataa kula kwa majuma mengi. Tena, kama kisa chetu kinavyoonyesha, muuzaji mwenyewe huenda hajui anachokiuza.

Mlango wa pili ni simu. Picha ni nzuri, maneno ni matamu, na kabla ya yote unaombwa kutuma fedha: kwanza amana, kisha "fedha ya kibali", kisha "fedha ya usafiri". Mwisho wa yote namba haipatikani. Kanuni ni nyepesi: usilipe kwa nyoka ambaye hujamwona kwa macho yako, mahali unapopajua, kwa mtu ambaye jina lake umelithibitisha. Kibali hutolewa na ofisi ya Serikali; hakitolewi na muuzaji kupitia namba ya simu.

Mlango wa tatu ni mfugaji mwenye haki zote mbili tulizozitaja. Huyu ana mahali panapojulikana, ana kumbukumbu, na haogopi ukifika pamoja na afisa. Lakini hata hapa pana neno la kuchunguza. Tuchukue mfano wa chatu mdogo ajikunjaye kama mpira anapoogopa. Asili yake ni Afrika Magharibi na ya Kati hadi maeneo ya kaskazini-magharibi mwa Uganda, naye ni mmoja wa nyoka wanaofugwa zaidi majumbani huko Marekani na Ulaya. Kwa miaka mingi makumi ya maelfu yao yamesafirishwa kutoka Ghana, Togo na Benin. Wengi wao walianguliwa kizimbani, ila mayai au mama zao walitolewa porini msimu uleule. Muuzaji akisema, "Alizaliwa kwangu," huenda hasemi uongo, lakini wewe uliza zaidi: "Na wazazi wake walizaliwa wapi?" Nyoka ambaye wazazi wake pia walizaliwa kizimbani hakupunguza hata mmoja porini, na kwa kawaida huwa mpole na mwepesi wa kula.

Mlango wa nne ni mtu anayemtoa nyoka wake kwa kuwa amehama au amechoka. Bei yaweza kuwa ndogo au isiwepo. Usimpokee kwa kupeana mikono tu. Nendeni nyote wawili ofisini ili uhamisho huo uandikwe.

Maswali ya kumuuliza muuzaji

Andika maswali haya katika daftari uyabebe:
1. Nyoka huyu ni wa aina gani, na nani amethibitisha?
2. Aliangualiwa lini, na wazazi wake wako wapi? Je, naweza kuwaona?
3. Haki yako ya kufuga iko wapi, na haki yako ya kuuza iko wapi?
4. Amekula mara ngapi, na amekula nini? Naweza kurudi siku ya kulishwa nikamwona akila?
5. Nikishindwa kumtunza, utampokea?

Muuzaji mwema hukaa akajibu, na mara nyingi naye hukuuliza wewe: una sanduku la namna gani, una watoto wadogo nyumbani, utampa chakula gani? Anayekuharakisha ameshakujibu.

Kisha mtazame nyoka mwenyewe. Macho yawe maangavu, isipokuwa anapokaribia kujivua ngozi. Kinywa kisiwe na mapovu wala ute, na pumzi isiwe na mluzi. Mwili uwe wa mviringo, uti wa mgongo usichongoke. Ukiona vitone vyeusi kama pilipili manga karibu na macho au chini ya kidevu, hao ni utitiri, usimnunue.

Jirani zako wana sehemu katika ununuzi huu

Tusidanganyane: katika vijiji na mitaa yetu, nyoka ndani ya nyumba huleta neno la uchawi upesi kuliko neno la mapenzi ya wanyama. Mtoto mmoja akimwona kupitia dirishani, umati waweza kukusanyika kabla hujafika kutoka kazini. Kwa sababu hiyo, kabla ya kununua, mweleze mwenyekiti wako wa LC I, mwonyeshe kibali, na uwaalike jirani wa karibu waone sanduku linavyofungwa kwa kufuli. Siri ndiyo inayozaa uvumi, na uvumi umewahi kumwaga damu ya watu wasio na hatia. Wananchi nao wakumbuke kwamba mwenye shaka hupiga simu polisi, hachukui jiwe.

Nyoka wenye sumu si wa kufugwa nyumbani hata kidogo. Shirika la Afya Duniani liliiweka sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa mwaka 2017, na linakadiria kuwa kila mwaka hufa watu kati ya 81,000 na 138,000 duniani kwa kuumwa. Mtu akiumwa, mtulize, asitembee. Mvue pete na bangili. Mfikishe hospitali haraka. Msichanje, msinyonye jeraha, msikaze kamba, wala msipoteze muda kumwinda nyoka.

Hata nyoka asiye na sumu hubeba vijidudu vya salmonela. Kila amshikaye anawe mikono kwa sabuni, na watoto walio chini ya miaka mitano wasimshike.

Ukishindwa kumtunza

Chatu mdogo tuliyemtaja huishi miaka 20 hadi 30, na pengine zaidi. Chatu mkubwa wa Afrika aweza kupita urefu wa mita 5, na huyo si nyoka wa chumba cha kupanga. Jiulize: utakapooa, utakapohamishwa kazi, utakapougua, nani atamlisha?

Jibu lisiwe kumwachia kwenye kinamasi. Huko Florida, Marekani, chatu wa asili ya Asia waliotoroka na walioachiwa na wafugaji walizaana katika nyika za maji za Everglades, wakawamaliza wanyama wadogo wengi, na hadi leo Serikali yao inawawinda bila kuwamaliza. Ukishindwa, rudi kwa mfugaji au nenda kwenye ofisi ya wanyamapori. Huko hufiki kama mkosaji. Unafika kama mwananchi anayerudisha amana.

Na wako wanaopenda nyoka lakini, baada ya kuyatafakari haya, wataona hawapaswi kununua. Hilo nalo ni jibu jema. Kituo cha Elimu ya Uhifadhi wa Wanyamapori kilichoko Entebbe, ambacho historia yake inaanzia mwaka 1952, si duka, lakini ni darasa. Kijana wetu alichagua njia hiyo. Aliniambia anataka kwanza kujifunza kumtambua nyoka kwa jina, ndipo afikirie kumnunua. Sikuwa na la kuongeza.

Muhtasari

Bei si swali la kwanza, wala rangi. Swali la kwanza ni: nyoka huyu alizaliwa wapi, na ni nani aliyeruhusu auzwe? Asiyeweza kukujibu hilo, usinunue kwake hata akikupa bure.

Maswali ya majadiliano katika mkutano wa kijiji

1. Jirani akisikia kuna nyoka katika nyumba ya mpangaji, hatua tatu za kwanza ziwe zipi?
2. Kwa nini haki ya kufuga na haki ya kuuza zimetenganishwa?
3. Katika kijiji chetu, nani anajua njia ya kufika hospitali usiku mtu akiumwa?

Ukiona mnyama wa porini akiuzwa njiani, usimguse wala usimnunue kwa nia ya kumwokoa. Piga simu polisi, 999 au 112, utaje mahali, saa na sura ya muuzaji. Usalama wa jamii huanza kwa anayeuliza.