Somo la Kompyuta Bila Kompyuta

Mtoto wa chekechea anaweza kujifunza kufikiri kikompyuta hata katika darasa lisilo na umeme. Katiba ya 2010 iliipa kaunti jukumu la elimu ya chekechea, na mtaala wa umilisi unajumuisha ujuzi wa kidijitali. Si lazima kusubiri tableti.

Mwalimu achore miraba 16 sakafuni kwa chaki, minne kwa minne. Mtoto mmoja awe roboti. Wenzake wampangie njia kwa mishale iliyokatwa kwenye katoni kuukuu: mbele, mbele, kulia, mbele. Wakubaliane kwanza kwamba mshale wa kulia ni kugeuka tu, si kupiga hatua. Roboti hutii kila mshale, hata ukimpeleka ukutani. Watoto watacheka, waachwe wacheke. Kisha waulizwe: ni mshale upi uliokosewa? Hapo ndipo penye somo lenyewe. Waubadilishe huo mmoja tu, wajaribu tena, bila kuvuruga kazi yote wala kumlaumu roboti. Waandishi wa programu hufanya hivyo kila siku.

Nyumbani, mtoto ataje hatua za kunawa mikono, mzazi azifuate neno kwa neno. Asipotaja kufungua mfereji, mzazi abaki amesimama na sabuni kavu mkononi.