Makumbusho na Shule Zishirikiane Kulisoma Ziwa Tanganyika

Sisi tukaao Bujumbura tumelizoea Ziwa Tanganyika hata hatulitazami tena. Twala ndagala wake na mukeke wake, na usiku usio na mbalamwezi twaziona taa za wavuvi zikimeta mbali majini. Lakini mtu akituuliza, "Elimu ya ziwa hili imewekwa wapi?" tutamjibu nini? Katika makala hii nataka kuonyesha kwamba elimu hiyo imetawanyika katika nyumba nyingi, nyingine jirani zetu na nyingine mbali Ulaya. Kwamba hakuna nyumba hata moja iwezayo kulijua ziwa peke yake. Na kwamba sisi wanafunzi tunayo kazi yetu katika kuziunganisha.

Ziwa na nchi zake nne

Urefu wa Ziwa Tanganyika ni karibu kilomita 670, na kina chake hufika meta 1,470. Duniani kote ni ziwa la Baikal tu, huko Urusi, lililo na kina zaidi. Nchi nne zimeligawana: Kongo ina asilimia 45 hivi ya maji yake, Tanzania 41, Burundi 8, na Zambia 6.

Kila nchi ina nyumba yake ya kulichunguza. Sisi tunacho Chuo Kikuu cha Burundi, na hapa mjini tuna Musée Vivant, yaani Makumbusho Hai, yaliyoanzishwa mwaka 1977. Uvira, ng'ambo yetu, kuna kituo cha uchunguzi wa maji na viumbe vyake. Kigoma kuna kituo cha TAFIRI, taasisi ya Tanzania ya uchunguzi wa uvuvi. Mpulungu, ncha ya kusini, kuna kituo cha uvuvi cha Zambia. Tena huko Tervuren na Brussels, nchini Ubelgiji, kuna makumbusho makubwa yaliyojaa samaki, konokono na daftari zilizochukuliwa katika ziwa letu.

Samaki mmoja, majina mengi

Tuanze na jambo dogo la sokoni. Samaki tumwitaye mukeke, mtu wa Kigoma humwita mgebuka, na Mzambia humwita bukabuka. Ndagala wetu ni dagaa kwa Mtanzania na kapenta kwa Mzambia. Sasa, ikiwa Burundi yaandika hesabu ya mukeke, Tanzania yaandika hesabu ya migebuka, na Zambia yaandika bukabuka, nani atajua kwamba wote wanahesabu samaki mmoja?

Hapo ndipo ionekanapo kazi ya kwanza ya makumbusho. Mwanachuo akimtambua samaki asiyejulikana, humwandikia jina la Kilatini, na yule samaki mwenyewe huhifadhiwa chupani ili awe shahidi wa jina hilo milele. Mtu yeyote akiwa na shaka baadaye, huenda kumlinganisha samaki wake na yule shahidi. Mukeke alipewa jina lake la kitaalamu mwaka 1914, nalo ni Lates stappersii, kwa heshima ya Louis Stappers, daktari Mbelgiji aliyelichunguza ziwa hili kabla ya Vita Kuu ya kwanza. Kwa hiyo jina moja limewaunganisha watu wa nchi nne ambao lugha zao hazifanani. Kuwa na jina moja ndio mwanzo wa ushirikiano wote.

Upepo wa kusini hauombi pasi

Jambo la pili ni kubwa zaidi. Katika miezi ya kiangazi, tangu Mei hadi Septemba hivi, upepo wa nguvu huvuma kutoka kusini. Upepo huo huyasukuma maji ya juu, yaliyo na joto, kuja kaskazini kwetu. Kule Mpulungu maji ya juu yakiisha kuondoka, maji baridi ya chini hupanda kushika mahali pake, nayo huleta juu chumvichumvi na mbolea iliyokuwa imelala vilindini. Mbolea hiyo hulisha mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Mimea huliwa na wadudu wadogo wa majini. Wadudu huliwa na ndagala. Na ndagala huliwa na mukeke. Upepo ukitulia, maji yaliyokuwa yamerundikana kaskazini hurudi, na ziwa zima huyumba ndani kwa ndani, mbele na nyuma, kwa wiki nyingi.

Wenzangu, mwaweza kulijaribu jambo hili kwa karai refu. Tia maji baridi yaliyotiwa chumvi na rangi, kisha mimina juu yake polepole sana maji ya moto yasiyo na rangi, ili yasichanganyike. Puliza upande mmoja kwa nguvu, uso wa maji tu. Utaona maji yenye rangi yakipanda upande wa pembeni pako, na maji ya moto yakirundikana upande wa pili. Hilo ndilo Ziwa Tanganyika katika mwezi wa Julai: wewe upulizaye ni Mpulungu, na upande ule mwingine ni Bujumbura.

Basi, fikirini. Mtu akipima joto la maji hapa Bujumbura tu, ataona maji ya moto yameshuka chini kuliko kawaida, naye atadhani ziwa lote limepata joto. Akipima Mpulungu tu, siku ile ile, atadhani ziwa lote limepoa. Wote wawili wamepima sawasawa, na wote wawili watasema uwongo, kwa sababu kila mmoja ameona ncha moja. Ni lazima wapime siku moja, kwa njia moja, kisha wapelekeane hesabu zao.

Hivyo ndivyo ilivyofanywa tangu mwaka 1992, wakati shirika la chakula la Umoja wa Mataifa pamoja na serikali ya Finland walipoanzisha uchunguzi mkubwa wa ziwa, makao yake yakiwa hapa Bujumbura. Vipimo vilichukuliwa Bujumbura, Kigoma na Mpulungu kwa utaratibu mmoja. Tena miaka ile ilikuwa ya taabu kubwa: vita vilianza Burundi mwaka 1993 na Kongo mwaka 1996. Mipaka ilifungwa, lakini upepo hauombi pasi, wala samaki.

Faida ya daftari kuukuu

Mwaka 2003 wanachuo wa makundi mawili walitangaza kwamba maji ya Ziwa Tanganyika yamezidi kupata joto katika muda wa karne moja. Walijuaje? Hakuna mtu aliyekaa miaka 90 na kipimajoto mkononi. Walizifungua hesabu za zamani: vipimo vya Stappers vya mwaka 1913, na vya wale Wabelgiji waliolizunguka ziwa mwaka 1946 na 1947, wakavilinganisha na vya siku zao. Maji ya juu yakizidi joto, huwa mepesi, na hayachanganyiki vyema na yale ya chini. Mbolea hubaki vilindini, na chakula cha samaki hupungua. Kundi moja lilikadiria kwamba uotaji wa mimea midogo ya ziwani huenda umepungua kwa karibu asilimia 20.

Wanachuo wengine hawakukubali. Mwaka 2006 walijibu kwamba upungufu wa samaki umetokana zaidi na namna ya uvuvi kuliko joto. Kisha mwaka 2016 wengine wakaleta ushahidi wa tope la chini ya ziwa, lenye mabaki ya samaki na viumbe vidogo vya zamani, wakasema kwamba upungufu ulianza hata kabla ya uvuvi mkubwa wa biashara. Mimi sioni aibu katika mabishano hayo. Naona kwamba yasingewezekana kabisa kama daftari zile zingetupwa, au kama zingefungiwa katika kabati la mtu mmoja.

Umoja uliovunjika

Lakini tusidhani kila umoja wadumu. Mwaka 1947 Wabelgiji waliunda chama cha uchunguzi wa sayansi katika Afrika ya Kati, kilichoitwa IRSAC kwa kifupi. Makao yake makubwa yalikuwa Lwiro, karibu na Bukavu. Elimu ya ziwa ilishughulikiwa Uvira, na elimu ya watu na mila zao Astrida, mji uitwao sasa Huye, nchini Rwanda. Ulikuwa umoja mzuri kwa mpango wake, ila kamba zake zote zilishikwa na mkono mmoja, na mkono huo ulikuwa Brussels. Uhuru ulipokuja, Kongo mwaka 1960 na Rwanda na Burundi mwaka 1962, kila kituo kilibaki upande wa serikali yake. Vitabu vya mahali pamoja na wanafunzi wa mahali pengine vikatengwa na mpaka.

Tulinganishe na fuvu lile mashuhuri lililovumbuliwa na Mary Leakey huko Olduvai tarehe 17 Julai 1959. Lilivumbuliwa Tanganyika, likachunguzwa Johannesburg na Profesa Phillip Tobias, umri wa mawe yake, karibu miaka 1,750,000, ukatafutwa na wanachuo wa Berkeley, Marekani, mwaka 1961, na mwaka 1965 likarudishwa Tanzania, liwekwe katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Nyumba nyingi zilifanya kazi, kila moja kwa ujuzi wake, na mwisho mali ikarudi kwa wenyewe.

Mambo matatu ya lazima

Kutokana na mifano hii nimetoa mambo matatu. La kwanza, washirika wawe na majina mamoja na vipimo vimoja. La pili, kila hesabu iwekwe katika nyumba zaidi ya moja, ili vita, moto au mafuriko yakiharibu nakala moja, nyingine ibaki. La tatu, ushirikiano uwe wa wenzi, si wa bwana na mtumishi. Aliyevua samaki apate habari sawa na aliyemtia chupani.

Hili la tatu lanigusa sana. Baba yangu mdogo ni mvuvi. Mwaka 2024 Tanzania ilipofunga uvuvi katika upande wake wa ziwa tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaa, habari ilimfikia kwa wafanya biashara wa Kigoma. Aliniuliza, "Mwanangu, wewe wasoma. Ni nani aliyewahesabu hao samaki hata akajua kwamba wamepungua?" Swali lake ni la haki kabisa. Mvuvi hulala njaa kwa sababu ya hesabu ambayo hajaonyeshwa. Kwa mkataba wa ziwa uliotiwa sahihi Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, nchi nne zina mamlaka ya pamoja ya ziwa, nayo makao yake yako hapa hapa Bujumbura. Wakubwa wana mahali pa kukutana. Mvuvi atakutana wapi na elimu?

Nami najibu: katika makumbusho. Chuo kikuu kina mlango mwembamba, na taarifa za wanachuo huandikwa Kiingereza au Kifaransa. Makumbusho mlango wake ni mpana. Mama mwenye mtoto mgongoni huingia, na mzee asiyejua kusoma huingia pia. Ukutani pangeweza kuchorwa ziwa lote, pamoja na joto la mwezi huu la Bujumbura, Uvira, Kigoma na Mpulungu, na uzito wa samaki waliovuliwa, kwa Kirundi na kwa Kiswahili. Kiswahili chetu chafahamika Buyenzi, Uvira, Kalemie na Kigoma, twakosaje kukitumia?

Kazi yetu wanafunzi

Kuanzia mwaka 1998, kwa miaka kadhaa, wanafunzi wa Marekani na wa nchi za ziwa walikutana Kigoma kila mwaka kujifunza uchunguzi pamoja, katika mpango ulioitwa Nyanza. Sisi wa sekondari hatuna fedha za safari kama hizo, lakini twahitaji vitu vichache: kipimajoto, kamba yenye alama za meta, kopo la kupimia mvua, na daftari. Shule moja ya hapa, moja ya Uvira na moja ya Kigoma zikipima saa moja asubuhi kila Jumamosi, na kupelekeana hesabu kwa simu, na nakala ikawekwa makumbusho, mwaka ukiisha tutakuwa na kitu ambacho hakuna mmoja wetu angekipata peke yake. Kila kipimo kiandikwe na tarehe, saa, mahali, kina, na jina la mpimaji. Hesabu za Stappers zilifaa baada ya miaka 90 kwa sababu aliandika hivyo.

Mipango ya wageni huja na fedha na huondoka fedha zikiisha. Shule haziondoki. Wakubwa wetu wakimaliza, wadogo zao hushika daftari. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kipimo cha joto cha Bujumbura peke yake chaweza kudanganya katika mwezi wa Julai?
2. Samaki aliyehifadhiwa chupani huwasaidiaje watu wasemao lugha mbalimbali?
3. IRSAC na uchunguzi wa fuvu la Olduvai vilitofautiana vipi?
4. Ungemjibu nini mvuvi aulizaye ni nani aliyewahesabu samaki?