Zulfiqar Ali Bukhari, Mshairi wa Redio

Somo letu la leo lamhusu mtu ambaye watu wa Bara Hindi walimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura, naye ni Sayyid Zulfiqar Ali Bukhari. Alizaliwa Peshawar mwaka 1904, akafariki Karachi mwaka 1975. Alikuwa mshairi wa Kiurdu, lakini si mashairi yake yaliyompa jina, bali ni redio.

Kaka yake, Ahmad Shah, aliyejiita Patras, alikuwa mwalimu wa Kiingereza Lahore na mwandishi wa maneno ya kuchekesha, na baadaye akawa mjumbe wa Pakistan katika Umoja wa Mataifa. Kituo cha Delhi kilipofunguliwa tarehe 1 Januari 1936, ndugu hawa wawili waliingia katika kazi hiyo wakapanda vyeo upesi, hata watu wakafanya mzaha kwamba herufi za BBC maana yake ni Shirika la Ndugu Bukhari. Mzaha huo haukukosa ukweli, na sisi hatuoni kuwa ni jambo la kusifiwa chombo cha dola kushikwa na nyumba moja. Hata hivyo, katika miaka yao waandishi hodari waliitwa kufanya kazi redioni: Miraji, N. M. Rashid, Saadat Hasan Manto na wengineo. Mshairi aliyezoea kusomewa na wachache akasikiwa na maelfu, wakiwamo wasiojua kusoma hata herufi moja.

Sifa kubwa ya Bukhari ni ukali wake katika matamshi. Waurdu huyaita matamshi talaffuz, neno lililotoka katika shina lile lile la Kiarabu lililotupa sisi lafudhi. Kwake mtangazaji aliyekosea neno alikuwa amemkosea msikilizaji. Wako wanaodhani ukali huu ni kujikweza tu. Sisi twaona sivyo, maana kitabuni kosa husahihishwa kwa kalamu, ama redioni kosa moja huingia masikioni mwa watoto wa nchi nzima kwa dakika moja, na kesho watalisema wakiamini kuwa ndiyo lugha. Atazamaye maneno kama kalamu, wakati na habari, ambayo Kiurdu nacho kinayo kutoka Kiarabu, ataona kwamba jambo hili latugusa na sisi.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili Bukhari alikuwa London. Matangazo ya BBC kwa lugha ya Kihindustani yalianza tarehe 11 Mei 1940 (yale ya Kiswahili yalingoja hata mwaka 1957), naye akawa msimamizi wa vipindi vya India. Chini yake alifanya kazi, tangu 1941 hata 1943, Mwingereza George Orwell, ambaye baadaye alipata sifa duniani kwa vitabu vyake. Hapa pana jambo la kufikiri. Agosti 1942 Gandhi na wenzake walitiwa gerezani kwa kuwataka Waingereza waondoke India, na wakati ule ule Bukhari alikuwa akiwasemesha Wahindi kwa niaba ya serikali iliyowafunga. Alijua fika kwamba redio ile ilikuwa silaha ya vita. Wenye kumtetea husema adui wa siku zile, Hitler, alikuwa mbaya zaidi, na hoja hiyo ina uzito. Lakini haiondoi swali la sauti ni ya nani, ya mshairi au ya yule amlipaye.

Pakistan ilipozaliwa Agosti 1947 ilirithi vituo vitatu tu: Lahore, Peshawar na Dhaka. Bukhari akawa mkuu wa redio hiyo changa, na mwaka mmoja baadaye, tarehe 14 Agosti 1948, Karachi nayo ikapata kituo chake. Kwa Kiurdu alijenga nyumba nzuri: habari, tamthilia, na mushaira, yaani baraza la washairi. Lakini raia wengi wa nchi hiyo walisema Kibengali, na dola ilipotaka Kiurdu pekee kiwe lugha ya taifa, vijana waliuawa Dhaka tarehe 21 Februari 1952. Hatusemi kwamba kosa hilo ni la Bukhari. Twasema kwamba lugha iliyopendwa kwa haki ililetwa kwa watu wengine kwa amri, nao wakaichukia kabla ya kuonja utamu wake.

Baadaye alisimamia televisheni ya Karachi, akaandika habari za maisha yake katika kitabu alichokiita Sarguzasht, yaani yaliyompitia mtu kichwani. Wazee wa Karachi walimkumbuka zaidi kwa marsiya, mashairi ya maombolezo ya Karbala yaliyotungwa na Mir Anis wa Lucknow katika karne ya 19, ambayo Bukhari aliyasoma bila kuyaimba, neno kwa neno, kila herufi mahali pake.